Maswali Yenu: Mji Mkongwe wa Juu ya Meza

Asalaam aleikum wasomaji. Toleo lililopita niliweka picha ya kile kichochoro changu cha mfano wa Mji Mkongwe nilichokijenga kwa maboksi, urefu wake dhiraa moja tu, nikajua watakaoangalia ni watu watatu na mmoja wao mke wangu. Kumbe nimejichokoza. Maswali yamekuja mpaka mengine kwa sauti, dakika saba nzima mtu anaongea na kuku wanalia nyuma yake. Nimechagua haya, mengine subirini.

SWALI: Mie mwanafunzi wa Mkunazini, skuli tumepewa kazi ya kutengeneza mtaa wa zamani wa Mji Mkongwe kwa maboksi. Nimejenga nyumba tatu lakini kila anaeziona anasema zinafanana na maghala ya bandarini. Nnakosea wapi? Na skeli nitumie ipi?

JIBU: Mwanangu, hukukosea kwenye kukata, umekosea kwenye kuanza. Umechukua boksi ukalitoboa madirisha. Nyumba za mjini hazikuzaliwa hivyo, zimezaliwa na boriti.

Skiza. Zile nyumba kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko zilizokuwa zikija kwa majahazi, nyingi kutoka Rufiji huko. Boriti nzuri ya mkoko iliyonyooka inakupa mita tatu hivi, basi na chumba kikawa upana wake ndo huohuo, hata awe tajiri vipi mwenye nyumba. Akitaka chumba kikubwa anakirefusha, hawezi kukipanua. Ndo maana ukiingia nyumba za Shangani au Kiponda unakuta vyumba vyembamba virefu vimepangwa kuzunguka ua, na ndo maana nyumba yako ya boksi haina sura, umeipa chumba cha mita tisa kwa tisa ambacho hakuna boriti duniani ya kukibeba.

Skeli tumia moja kwa hamsini. Hesabu yake haihitaji hata simu: kila mita moja ya kweli ni sentimita mbili mezani. Mtu mzima anakuwa milimita 34, ujia wa mita mbili unakuwa sentimita nne, nyumba ya gorofa mbili yenye kimo cha mita 12 inakuwa sentimita 24. Na kuna zawadi ndani ya skeli hii ambayo mie nilipoigundua nilicheka peke yangu usiku: chukua kijiti cha kuchokolea meno, kipime. Unene milimita mbili, urefu sentimita sita na nusu. Sasa zidisha mara hamsini. Unene sentimita kumi, urefu mita tatu na robo. Hiyo ni boriti! Unauziwa vijiti mia mbili kwenye kopo moja bei ya andazi, tena zimeshanyooshwa. Vile vijiti vya mishkaki vinenenene vinakuwa yale maboriti makubwa ya chini ya roshani.

Kwahiyo fanya hivi, kabla hujakata ukuta wowote panga vijiti vyako juu ya meza, sogeza kuta mpaka zifikiwe na vijiti, ndo uchore chumba. Chumba cha pili kiweke ubavuni mwa cha kwanza, cha tatu kata kona, ua katikati. Ukimaliza utaona nyumba imejichora yenyewe, ina vile vijipindo vya kimji mjini bila wewe kujitia ufundi.

Na ukuta usiwe karatasi moja. Ukuta wa kweli nusu mita na zaidi, yaani sentimita moja mezani. Bandika tabaka mbili tatu za boksi mpaka ufike hapo. Dirisha likizama ndani ya ukuta likapata kivuli chake, hapo tena hakuna atakaekuuliza kama ni ghala.

Usisahau baraza. Milimita nane mpaka kumi kwenda juu, inatosha mtu wako wa milimita 34 kukaa akapiga soga. Mvua ikinyesha na ujia ukijaa maji watu walikuwa wanapita juu ya baraza kama njia, kwahiyo kwenye vichochoro vilivyo chini ziunganishe nyumba kwa nyumba.

SWALI: Nyumba ya mwanangu umbo limetoka vizuri ila kuta zimekuwa kama keki ya harusi, nyeupe na laini. Tumepiga rangi ya kopo ya kupuliza juu ya fomu jeupe la ndani ya boksi la friji, upande mmoja umeyeyuka umeshimika. Mama wa Kikwajuni.

JIBU: Pole dada yangu, hiyo ajali imetupata wote. Rangi ya kupuliza ina dawa inayolila lile fomu, na supagluu pia inalila. Kwa fomu tumia gundi nyeupe ya mafundi seremala na rangi ya maji tu, hii ya ukutani. Lakini huo upande ulioshimika usiutupe! Umekupa bure kile ambacho wengine wanakitafuta kwa msasa, ukuta ulioliwa na chumvi, plasta imebanduka mawe yanaonekana. Ugeuze uwe ubavu wa nyumba unaoelekea baharini.

Kuhusu keki ya harusi. Chukua jipsam kidogo au puti, changanya na gundi nyeupe na mchanga laini wa ufukweni uliooshwa maji baridi yasiyo na chumvi ukachekechwa kwa chujio la chai, upake kwa kidole. Kidole, siyo kisu. Kuta zile zilipigwa kwa mkono na hakuna hata moja iliyonyooka, ukizinyoosha umeziua. Wapo watakaokwambia utumie chokaa ya kweli ndo asili, mie nakukataza kwa sababu kuna mtoto, chokaa inaunguza ngozi na ikiingia jichoni ni mambo mengine.

Rangi isiwe nyeupe ya hospitali. Nyeupe weka tone la manjano na tone la hudhurungi, iwe kama maziwa yaliyotiwa chai. Ikikauka chukua chai ya rangi kali, iliyolala, paka kuanzia chini kwenda juu sentimita mbili tatu, huo ndo unyevunyevu unaopanda kutoka ardhini. Halafu saga kipande cha makaa, unga wake uteremshe kwa brashi kavu chini ya kila dirisha na chini ya mfereji wa paa, mstari mmoja mmoja, usione huruma lakini usizidishe. Toka nje ukaangalie ukuta wowote baada ya masika, utaona maji yalipita wapi, usibuni.

Na kwa vile nimeshafika kwenye kuta nitasema langu jamani: mafundi wanaopaka simenti kwenye nyumba za kweli za matumbawe wanaziua. Chokaa inapumua, maji yakiingia yanatoka, simenti inayafungia ndani mpaka ukuta unaoza kimyakimya. Kwenye nyumba ya boksi fanya utakavyo.

SWALI: Ami, sisi huku Wete hatuna Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu. Kila siku Mji Mkongwe, Mji Mkongwe. Pemba hakuna cha kujengwa? Na nieleze mlango wa nakshi unafanywaje kwa udogo huo.

JIBU: Umenipiga kofi nimelipokea. Kipo, tena kingi, na kwa anaeanza Pemba ni rahisi kuliko Unguja. Ile barabara ya maduka ya Chake Chake, nyumba za chini zenye baraza mbele na bati juu, inatoka nzuri sana mezani kwa sababu inakwenda kwa mpindo na kilima. Anaetaka magofu ipo ngome ya Mkama Ndume pale Pujini, ya karne ya 15, kuta zimeanguka zimeota miti, hapo huhitaji hata kunyoosha chochote. Na nyumba ya udongo na fito ndo usiseme: vunja fagio la chelewa, ncha zake nyembamba ndo fito, shina lake nguzo, funga kwa uzi, kandika kwa udongo mwekundu wa shambani kwako uliochanganywa na gundi nyeupe usipasuke. Paa la makuti chukua usumba wa nazi, uchane, upange kuanzia chini kwenda juu safu kwa safu kama wanavyoezeka wenyewe. Hiyo nyumba ina kila kitu kutoka uani, hakuna cha dukani isipokuwa gundi.

Sasa mlango. Kwanza jua unafanya mlango gani kwa sababu watu wanachanganya, unakuta nyumba ya Kiarabu ya kale kapachikwa mlango wa duara juu. Ile ya zamani ya Kiomani kichwa chake ni cha mraba, kizingiti cha juu kimenyooka na nakshi zake zimetulia. Ile yenye upinde juu, maua na majani yanazunguka, hiyo ni mkono wa Kihindi, imekuja kushamiri mwisho wa karne ya 19. Halafu upo wa Kigujarati wa madukani, unakunjika, vibaovibao vya mraba vidogo. Vile vifundo vya shaba vyenye ncha asili yake India, huko husemwa viliwekwa kuzuia tembo wasisukume mlango, sisi tembo hatuna lakini uzuri tumeupenda.

Kwa moja kwa hamsini mlango na fremu yake unakuwa sentimita tano au sita. Kuchonga mbao kwa udogo huo ni kujitafutia miwani. Mie natumia kopo la soda. Likate kwa mkasi polepole, kingo zake zinakata kama wembe nami nina alama ya kidole gumba ya ushahidi, likunjue, liweke kinyumenyume juu ya gazeti nene, halafu kalamu ya biki iliyokwisha wino ndo patasi yako. Chora mnyororo kuzunguka fremu, chora waridi pale katikati juu, chora mawimbi na samaki kule chini, kila mstari unaoukandamiza nyuma unatokeza mbele. Mnyororo ukikushinda sokota nyuzi mbili za kushonea pamoja, bandika, ukipakwa rangi hakuna atakaejua. Katikati ya mbawa mbili usisahau mfaa, ule mwimo wa katikati, wengi wanausahau na mlango unabaki kama wa kabati.

Vifundo weka kwa ncha ya kijiti: tone la gundi nyeupe, likauke liwe kifundo, halafu juu yake rangi ya kucha ya dhahabu uliyoomba kwa dada yako. Uombe, usiibe. Mbao ipake hudhurungi iliyochakaa, kidogo ya kijivu, isiwe ile nyeusi inayong'aa ya milango ya hoteli.

SWALI: Nataka kujenga Forodhani yote na Beit al-Ajaib katikati. Nianze na nini?

JIBU: Anza na mwaka. Wallahi nimeona kazi moja nzuri, imechukua miezi minane, mtu kaweka mnara wa saa kwenye jumba na mbele yake kaweka tena mnara wa taa. Havikuwahi kukaa pamoja hivyo. Sultani Sayyid Barghash kalijenga jumba 1883, mnara ulikuwa mbele yake umesimama peke yake, mnara wa taa, mabaharia wa Kiingereza wakiutania mti wa Krismasi wa Sultani. Tarehe 27 Agosti 1896 meli za kivita za Kiingereza zikaupiga mji mizinga, haikufika hata saa moja, mnara ukaharibika na kasri la jirani Beit al-Hukm likabomoka. Jumba lenyewe likasalimika kiasi, na kwenye matengenezo yaliyofuata ndo likapata mnara wa saa kwenye uso wake. Bustani unayoijua wewe ni ya miaka ya 1930, kabla yake palikuwa na forodha yenyewe, mabanda na mizigo. Na ukijenga ya baada ya 25 Disemba 2020 basi upande mmoja na mnara viwe vimeanguka, maana ndivyo ilivyokuwa.

Kwahiyo andika mwaka kwenye kipande cha karatasi kibandike ukutani. Kila kitu unachotaka kuweka kiulize hicho kikaratasi. Nguzo zile ndefu za chuma za roshani ni mirija ya juisi ya karatasi. Ukingo wa roshani kata meno ya chanuo.

SWALI: Mjomba kaniletea treni ya mchezo kutoka Uingereza, imeandikwa 1:87. Nnaweza kuipitisha kwenye mtaa wa Zanzibar au nitachekwa?

JIBU: Atakaekucheka hajui historia yake. Gari la moshi lilikuwepo hapa, la Bububu, lilianza 1905 likaenda mpaka miaka ya 1920, na ukiangalia picha za zamani unaliona linapita ubavuni mwa nyumba karibu la kugusa baraza. Reli yake ilikuwa nyembamba kuliko hiyo ya kwako lakini nani atapima. Tatizo lako jingine, nyumba zote zibadilike zifuate treni: mita moja sasa ni milimita 11 na nusu, mtu hafiki sentimita mbili. Vijiti vya meno vimekuwa vinene, hama uende kwenye chelewa. Na wakati huo bahari ilikuwa ikiingia mpaka Darajani, pale palikuwa na maji na daraja kweli siyo jina tu, ukiliweka daraja na vingalawa viwili vimelala kwenye tope, mjomba atalia.

SWALI: Paa za bati nafanyaje? Nimetumia lile boksi lenye mawimbi ndani, limekuwa kubwa mno.

JIBU: Ni kubwa kweli, mawimbi yake kwa skeli ni kama mtaro. Nenda gereji kaombe bolti ndefu ya spana namba 17, ile ya nati za kawaida, yenye uzi mwanzo mpaka mwisho. Mistari ya uzi wake inaachana milimita moja na nusu, na mgongo mpaka mgongo wa bati la kweli la zamani ni inchi tatu, gawa kwa hamsini uone. Tandaza karatasi ya foili ya jikoni mara mbili juu ya gazeti, viringisha bolti juu yake kwa nguvu kama unasukuma chapati. Mistari itakwenda upande kidogo, ukikata fuata mistari, siyo ukingo wa foili. Kata vipande vya sentimita tano kwa moja na nusu, bandika kimoja kimlalie mwenzake. Kutu ni rangi nyekundu ya matofali iliyochanganywa na chai. Kumbuka lakini mapaa ya asili yalikuwa bapa, ya chokaa, yakavuja sana na mvua zetu hizi, ndo mabati yakaja kuwekwa juu yake baadae. Kwahiyo wewe nawe katazame kile kikaratasi cha mwaka.

SWALI: Taa ndani ya nyumba?

JIBU: Taa ndogo za ledi, zile za manjano siyo za bluu, kwa fundi simu. Chaja ya simu ya volti 5, kila taa na rezista yake ya omu 220, mguu mrefu wa taa ndo chanya. Usiweke mshumaa, nakuomba. Na usiwashe vyumba vyote, nyumba gani Zanzibar inawasha taa zote?

SWALI: Mende wamekula nyumba yangu.

JIBU: Ulitumia gundi ya unga wa ngano. Mie walinila uso mzima wa duka la ghorofa, wakaacha mlango wa kopo la soda umesimama peke yake. Gundi nyeupe tu, na paka rangi nje na ndani, ukipaka upande mmoja boksi linakunjika kwa unyevunyevu wetu huu.

SWALI: Mimi ni mtu mzima, miaka 71. Nyumba niliyozaliwa Malindi ilianguka zamani, picha hata moja hatuna. Wajukuu wananiuliza ilikuwaje nami kuchora sijui. Inawezekana kweli kuijenga au nijisumbue bure?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Inawezekana, na wewe ndo mwenye vipimo kuliko sisi wote.

Ulipokuwa mdogo unaumwa homa umelazwa chali, ulikuwa unaangalia nini? Dari. Hakuna mtoto wa mjini ambae hakuwahi kuhesabu boriti. Kaa pahala pa kimya uhesabu tena, chumba cha mama zilikuwa ngapi, ukumbini ngapi, ipi ilikuwa imepinda, ipi ilikuwa na kulabu ya kutundikia kandili. Waulize dada zako mbalimbali, usiwakutanishe kwanza maana watagombana. Halafu mchukue mjukuu mwende kwenye nyumba ya jirani ya umri uleule, muombe ruhusa, mpime kutoka boriti mpaka boriti. Zidisha na idadi uliyoikumbuka, huo ndo urefu wa chumba. Upana tayari unao, ni boriti yenyewe. Ngazi ulikuwa unazipanda ngapi, kila moja hesabu inchi nane hivi, umepata kimo cha dari. Mlango ulifungukia wapi, jua la asubuhi liliingia dirisha gani, hayo yanakupa uso wa nyumba ulielekea wapi.

Usianze na nyumba nzima. Anza na chumba hichohicho cha mama, kiache wazi juu bila paa wajukuu wachungulie. Kopo la vijiti nnalo hapa limejaa nusu, na bolti ya bati pia, mtume kijana yeyote kwenye ofisi ya jarida hili baada ya laasiri nitamkabidhi. Bolti tu ndo irudi, ya kuazima hiyo.